Mzuka wa mazoezi ukikata: shika saa ile ile, badilisha kinachofanyika ndani yake

Miezi miwili ya kwanza ya kukimbia ni mitamu jamani. Kila wiki unaona kitu, juzi ulikuwa unakata pumzi ukifika kwenye kona ya duka la mangi, leo unaipita unaongea vizuri tu, suruali imeanza kulegea, usingizi unakuja wenyewe. Alafu inafika asubuhi moja alamu inalia saa kumi na moja na nusu alfajiri na mwili hauumwi popote, mvua hainyeshi, raba ziko mlangoni, na bado hutaki. Barabara ile ile, spidi ile ile, dakika thelathini zile zile, unajua mpaka mbwa gani atabweka wapi. Mzuka umekata.

Naandika hii kwa watu waliofika hapo, maana hapo ndipo wengi wanapoachia na wakiachia wanajiita wavivu, na mimi sikubaliani na hilo jina kabisa. Mvivu asingefika mwezi wa tatu. Kilichotokea ni kwamba mwili umeshazoea. Ukianza mazoezi moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, misuli inaongeza vimishipa vidogo vya damu na inakuwa hodari kutumia oksijeni, na haya mabadiliko ya mwanzo yanakuja haraka ndio maana unayaona. Yakishakamilika, zile dakika thelathini zilizokuwa mtihani zinakuwa kitu cha kawaida kama kutembea kwenda kituoni, mwili hauulizwi swali jipya na kichwa hakipati habari mpya. Kuchoka kwa namna hii ni dalili kwamba umepanda darasa na bado unakaa dawati la darasa la chini.

Sasa shida ni kwamba mzuka ukikata watu wengi wanabadilisha kitu ambacho hawakutakiwa kukigusa, wanabadilisha SAA. Anasema asubuhi imenichosha ngoja niwe naenda jioni, jioni kuna foleni, kuna mgeni, kuna mechi, kuna kikao cha harusi, wiki mbili baadae hayuko asubuhi wala jioni. Saa uliyoizoea ndio mali yako kubwa kuliko raba na kuliko jezi. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha UCL kule London, ulichapishwa karibu na 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajaribu kujenga tabia mpya ya kila siku, wakakuta kwa wastani inachukua siku 66 mpaka kitu kianze kufanyika bila kujilazimisha, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno, kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Na kitu kizuri walichokiona, kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Kwahiyo ukibadilisha saa unaanza kujenga upya kitu ambacho pengine kimekuchukua miezi. Acha saa ikae palepale. Amka, vaa, toka. Kinachotakiwa kubadilika ni kile unachofanya ukishatoka.

Ila kabla hujabadilisha chochote jikague kwanza, maana kuchoshwa na mazoezi na kuchoka mwili ni vitu viwili. Ukiwa umechoka mwili kweli, mapigo ya moyo ukiyapima asubuhi kabla hujashuka kitandani yanakuwa juu kuliko kawaida yako, miguu ni mizito hata baada ya kupumzika siku mbili, usingizi unakatikakatika, unakuwa na hasira na watu wa nyumbani bila sababu. Hapo dawa ni kupumzika, wiki nzima ya kutembea tu na kulala mapema. Kama kuna homa na viungo vinauma usijipe moyo kwamba ni uchovu, nenda kapime malaria. Na ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au moyo unaruka ruka ovyo, simama hapo hapo na uende hospitali, usisome ushauri wa mtandaoni.

Kama bado hujui ni ipi, toka nje ukimbie polepole dakika kumi. Ukimaliza dakika kumi na mwili bado unagoma, geuza urudi nyumbani bila kujilaumu, siku hiyo imehesabika. Lakini kama ulikuwa umechoshwa tu, mara nyingi ukifika dakika ya saba au ya nane damu imeshachemka na hutaki tena kurudi.

Haya, sasa tubadilishe nini

Kama ni kitu kimoja tu utakachochukua hapa basi chukua hiki: acha kukimbia spidi moja. Asilimia kubwa ya watu ninaokutana nao barabarani wanakimbia kila siku kwa spidi ile ile ya katikati, sio polepole ya kupumzisha mwili na sio haraka ya kuujenga, na hakuna kitu kinachochosha akili kama hicho. Kuna mtindo unaitwa fatileki, ulitengenezwa Sweden miaka ya 1930 na kocha anaitwa Gösta Holmér, na hauhitaji saa wala uwanja, unahitaji nguzo za umeme tu. Unakimbia taratibu dakika kumi za kupasha mwili, alafu unachagua nguzo iliyo mbele unaenda nayo haraka mpaka uifikie, ukiifikia unalegeza na kukimbia polepole nguzo mbili, unachagua nyingine unaenda tena. Kuna muda utachagua mti badala ya nguzo, kuna muda utachagua geti jekundu kule mbali, wewe ndio unaamua. Fanya hivyo dakika kumi na tano, alafu malizia na dakika tano za kutembea. Zile haraka ziwe haraka ambayo huwezi kuongea zaidi ya neno moja moja, na zile polepole ziwe polepole kweli, uweze kumsalimia mtu shikamoo na ukaisikia marahaba yake.

Wakimbiaji wa Iten kule Kenya, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, wanafanya fatileki yao Alhamisi, kundi kubwa la watu kwenye barabara za vumbi jekundu, dakika moja haraka dakika moja polepole au mbili kwa moja, mabingwa na chipukizi pamoja. Wale wanakimbia kama kazi, karibu kila siku na mara nyingi mara mbili kwa siku, na bado siku zao hazifanani: kuna siku ya fatileki, siku ya uwanjani, siku ya kilima, siku ya safari ndefu, na katikati siku nyingi za polepole sana ambazo hata wewe ungeweza kwenda nao. Kama watu wanaolipwa kukimbia hawathubutu kufanya kitu kimoja wiki nzima, mimi na wewe kwanini tujilazimishe? Angalizo moja tu, siku za haraka zisizidi mbili kwa wiki na zisifuatane, la sivyo unaumiza magoti na nyonga na hapo utakaa nyumbani kwa lazima.

Baada ya spidi, ardhi. Dar watu wanadhani ni tambarare tu lakini nenda Chuo Kikuu pale Mlimani uone kama jina limetoka hewani. Tafuta mwinuko wa kama dakika moja, panda kwa kukimbia hatua fupi fupi huku unasukuma mikono, shuka kwa kutembea, rudia mara nne, wiki nyingine mara tano, ikifika nane inatosha. Walioko Lushoto, Mbeya, Moshi na Mwanza hawana haja ya kutafuta, mlima unaanzia mlangoni. Siku ya kilima inaisha haraka, ndani ya dakika 25 umemaliza kila kitu, na hiyo nayo ni dawa ya kuchoshwa, kujua kwamba leo ni fupi.

Walio karibu na Coco Beach au ufukwe wowote wana utajiri ambao wengi hawautumii. Kimbilia kwenye mchanga ulioloa wakati maji yamekupwa, ule ni mgumu kiasi na hauzamishi mguu. Maji yanachelewa kama dakika hamsini kila siku, kwahiyo kwa saa yako ile ile ya asubuhi kuna siku ufukwe utakuwa wazi na kuna siku bahari imejaa mpaka juu, ufukwe unakuja na kuondoka kama msimu na unapokuja unaupokea kwa hamu. Ukitaka kukimbia pekupeku anza na dakika tano mpaka kumi tu, misuli ya nyuma ya mguu itakuuma siku ya pili hata kama barabarani wewe ni fundi. Na wanaopenda lami wana Daraja la Tanzanite toka 2022, upepo wa bahari ule asubuhi peke yake unatosha kumtoa mtu kitandani.

Ukishindwa vyote hivyo, kimbia njia yako ya siku zote kinyumenyume, yaani anzia unapomalizia. Inaonekana kitu kidogo lakini vilima vinakuwa miteremko na jua linakupiga upande mwingine, jaribu.

Masikio

Muziki unasaidia, hilo halina ubishi, ila watu wanaweka nyimbo zile zile mwaka mzima alafu wanashangaa zimeisha nguvu. Panga muziki kwa kazi. Siku ya haraka weka singeli, mdundo wake unaweza kupita mapigo 200 kwa dakika, miguu itafuata yenyewe, ila usijaribu kuufuata mdundo wote safari nzima maana utaanguka. Siku ya polepole weka taarabu ya zamani au rumba, kitu kitakachokuzuia usiongeze spidi.

Kuna ujanja mwingine naupenda zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwemo Katy Milkman, walichapisha jaribio ambalo watu walipewa vitabu vya sauti vya hadithi zinazonasa, wakaambiwa mnasikiliza mkiwa jimu tu, ukitoka unaiacha hadithi hapo. Mwanzoni wale watu walienda jimu mara nyingi zaidi ya wenzao ambao hawakupewa, karibu mara moja na nusu. Ila baada ya likizo kukatiza ratiba ile tofauti ikapotea. Mimi nachukua mafunzo mawili hapo. Kwanza, tafuta simulizi ya sauti, zimejaa kibao mtandaoni kwa Kiswahili, za mapenzi, za kijasusi, za majini, chagua moja ndefu na ujiwekee sharti kwamba sehemu inayofuata inasikilizwa barabarani tu, sio jikoni wala kwenye daladala. Pili, jua kabisa kwamba na hii nayo itakuchosha, andaa simulizi nyingine kabla ya kwanza haijaisha, na baada ya safari au sikukuu uirudie kwa makusudi.

Na tafadhali, sikio moja liwe wazi siku zote. Bodaboda wa alfajiri hawana muda na wewe, na kwa dada zetu wanaokimbia gizani ni muhimu zaidi kusikia nani yuko nyuma. Kimbia ukitazamana na magari, vaa kitu cheupe.

Watu

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka. Mmoja anaanzisha, wote wanaitikia, miguu inapiga chini pamoja, vumbi juu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza leo tumekimbia kilomita ngapi. Ukipita JKT ukakutana nao tena kwa nguvu zaidi. Ule wimbo unafanya kazi tatu kwa pamoja: unapanga pumzi, maana huwezi kuitikia bila kuvuta na kutoa hewa kwa mpangilio, unaweka spidi ambayo kila mtu anaiweza, na unakuondolea kichwani ile hesabu ya bado dakika ngapi. Tumekua tukauacha shuleni alafu tunakimbia peke yetu kimya tunatazama saa, ndio maana tunachoka.

Lakini haujafa. Klabu za jogingi za Dar, Temeke, Mbagala, Kinondoni, Ilala, zinaufanya kila wikiendi, jezi zao, filimbi, ngoma, wamama wa miaka hamsini mbele wanaimba na vijana wanaitikia. Wakimaliza wananyoosha viungo, wanakunywa supu, na nyingi zina mfuko wa kufa na kuzikana, mtu akiugua wanaenda kumwona, akifiwa wanaenda kwenye msiba. Mtu ambaye klabu yake ilimzikia mzazi haachi kuja mazoezi kwasababu amechoshwa na barabara. Kujiunga sio kugumu, ukiwaona wanapita wikiendi wafuate mpaka wanapoishia, muulize kiongozi, lipa mchango, nunua jezi. Serikali nayo toka mwishoni mwa 2016 iliitenga Jumamosi ya pili ya mwezi kuwa siku ya mazoezi, kwahiyo kama unaona aibu kuanza, hiyo ni siku nzuri ya kutokea.

Klabu ni ya mara moja kwa wiki. Siku za katikati unahitaji mtu mmoja tu, jirani au mfanyakazi mwenzako, mnayekutana getini. Asiwe mwenye mbio kuliko wewe sana, maana utakuwa unakimbia mtihani kila siku, na asiwe wa kukusubirisha. Kigezo changu ni kimoja, awe mtu ambaye ukimwacha amesimama getini alfajiri roho inakuuma.

Lengo lenye tarehe

Kuna watu ambao hayo yote hayawagusi mpaka kuwe na kitu mbele. Kwao nasema lipia mbio. Kilimanjaro Marathon iko Moshi toka 2003, inafanyika mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kuna kilomita 42, 21 na 5, na Mwanza kuna Rock City Marathon. Ukishalipia, ukaweka nauli, ukawaambia watu, ile asubuhi ya kawaida ya Jumanne inapata maana. Kutoka kilomita 5 unazoziweza mpaka 21 jipe miezi minne au mitano, safari moja ndefu kila wiki, ongeza kidogo kidogo, jumla ya wiki isizidi ya wiki iliyopita kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kila wiki ya nne punguza upumzike. Hiyo wiki ya kupunguza usiiruke hata ukijisikia simba, nusu ya mzuka inarudi hapo.

Ila lengo moja kubwa halitoshi, liko mbali mno. Angalia Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akachukua shaba ya dunia London 2017, watu wakasema sasa dhahabu inakuja, na ikachukua miaka minane. Septemba 2025 Tokyo akamaliza kwa 2:09:48 muda sawa na Mjerumani Amanal Petros, ikabidi waangalie picha, tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Miaka minane ya kuamka, na katikati yake kulikuwa na mbio nyingine nyingi ndogo na kubwa za kulenga. Na wewe weka vya kati: mwezi huu kilima mara sita bila kusimama, mwezi ujao kilomita 8. Nunua daftari dogo, kila ukirudi andika mistari miwili, ulikimbia wapi na ulijisikiaje. Siku mzuka umekata unafungua kurasa za miezi mitatu nyuma unaona ulipotoka, kitu ambacho kioo hakikuonyeshi.

Kwa wa jimu na wa nyumbani maneno ni machache maana kanuni ni ile ile. Kila wiki nne mpaka sita badilisha, pushapu za kawaida ziwe za miguu juu ya kiti, skwoti ziwe za mguu mmoja ukishika ukuta, uzito uongezeke kidogo. Masika ikishika, saa yako ile ile itumie kuruka kamba barazani, dakika moja ruka nusu dakika pumzika, mara kumi. Mwezi wa Ramadhani wengi wanaweza mazoezi mepesi kabla ya futari au baada ya tarawehe, hapo ndio mahali pekee nakubali saa ihame, maana siku nzima imehama, na ihame kwa kila siku sio kwa kubahatisha.

Na kama umejaribu spidi, kilima, mchanga, simulizi, klabu na bado kukimbia hukupendi, basi acha kukimbia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kujenga misuli. Hawajasema lazima iwe barabarani. Netiboli inahesabika, mpira wa mchangani unahesabika, baiskeli, kuogelea, kucheza muziki mpaka jasho likutoke, kulima kwa jembe vyote vimo. Chagua kimoja, kipeleke kwenye saa ile ile uliyokwisha kuijenga, na kesho alamu ikilia utoke nacho.